Sura ya Nne: Kati ya Kidole cha Nne na cha Mwisho

Mlinzi wa usiku katika jengo tunalopanga humaliza zamu saa 12 asubuhi. Mwenzake akishafika, kabla hata hawajasalimiana vizuri, huketi kwenye benchi la mbao kando ya geti na kuvua buti. Huo ndio muda ninaotoka kwenda kazini, kwa hiyo nimeiona shughuli hiyo kwa zaidi ya mwaka. Buti nyeusi, nzito, imepanda juu ya kifundo. Soksi ya nailoni imegandamana na ngozi. Kisha mguu wenyewe, mweupe katikati ya vidole kama mkate uliochovywa kwenye chai ukasahaulika. Hujikuna taratibu, macho kayafumba, kwa raha ya mtu aliyefika kwenye maji saa ya kufuturu. Siku moja nikamwuliza kama ameshatafuta dawa.

"Mwanangu," akaniambia, "haya si maradhi. Haya ni kazi."

Nilicheka, lakini sentensi ile ilinibaki. Tumezoea kuwahesabu fangasi wa miguuni kuwa aibu ya mtu asiyeoga. Mzee yule anaoga. Anayemtesa ni kiatu alichokivaa saa 12 jioni na hana ruhusa ya kukivua mpaka saa 12 asubuhi, katika jiji ambalo mwezi wa pili joto lake hupita nyuzi 30 na hewa yake imejaa maji kiasi kwamba hata chumvi mezani hulowana.

Jina lenyewe, fangasi, ni la kuja. Wenyeji wa lugha hii walikuwa na majina yao kwa ndugu wa ukoo huu: mapunye kichwani mwa mtoto, choa kwenye ngozi ya mwili. Lakini ukiwauliza wazee jina la ugonjwa wa katikati ya vidole vya miguu, wengi watakwambia "fangasi" tu, kama vijana. Nina dhana yangu kuhusu hilo, na historia inaniunga mkono kidogo. Mguu usiofungwa hauupati sana ugonjwa huu. Madaktari wa Ulaya wenyewe walianza kuuandika mwishoni mwa karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 Arthur Whitfield wa London bado aliuona kama jambo geni. Kuvu anayeongoza leo duniani kwa kushambulia miguu na kucha, Trichophyton rubrum, anadhaniwa kuwa alikuwa akiishi zamani kwa watu wa Asia ya kusini mashariki na Afrika Magharibi, akiwatoa mabaka mwilini bila kujishughulisha sana na nyayo zao, kwa kuwa nyayo zilikuwa wazi. Meli, vita na uhamiaji vikamfikisha kwa watu wanaovaa viatu mchana kutwa. Huko akakuta nyumba imeshajengwa, ina paa na joto, na jasho linamiminika bure.

Chakula chake ni keratini, ile protini ngumu inayounda tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Hana haja ya damu wala nyama hai. Anakula kile ambacho mwili umeshakifia, na ndiyo maana mwili huchelewa kumshtukia. Mguu mmoja una tezi za jasho zaidi ya laki moja. Ukiufungia ndani ya ngozi bandia na soksi ya nailoni, jasho halina pa kwenda. Ngozi hulainika, huvimba, hupoteza ukinzani wake, na vipande vidogo vya kuvu vilivyokuwa vimelala tu sakafuni mwa bafu au ndani ya kiatu hupata mlango.

Mlango huo karibu kila mara ni mmoja: kati ya kidole cha nne na cha mwisho. Tazama mguu wako utaelewa. Ndiyo nafasi finyu kuliko zote, vidole vimebanana, hewa haipiti, na mkono wenye taulo haufiki huko kwa sababu tumeshainuka tunatafuta nguo. Ngozi huwa nyeupe na kuchanika, inawasha zaidi pale unapovua soksi, na harufu haikawii. Yeyote anayetaka kujua mapema kama ameshaingiliwa aanzie hapo.

Nilipokuwa shule ya bweni tuliamini kinyume chake. Aliyekuwa na fangasi aliambiwa hajui kusugua miguu. Basi tulisugua. Tulisugua kwa jiwe na sabuni ya mche asubuhi, mchana na jioni, tukatoka bafuni na miguu inachuruzika, tukaitumbukiza moja kwa moja kwenye soksi na viatu vyeusi vya shule kwa sababu kengele imeshagonga. Jozi moja ya ndala ilihudumia kitanda cha juu na cha chini. Katika bweni letu wasafi ndio walioongoza kwa kuwashwa, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mimi nilitoka na mguu mmoja ulioharibika na ukucha wa kidole gumba uliogeuka rangi ya ndizi mbivu. Nitaurudia huo ukucha.

Jambo tulilolikosa lilikuwa dogo: kukausha. Maji hayana kosa. Kosa ni maji yanayobaki. Muislamu anayeshika swala tano huosha miguu hata mara tano kwa siku na hupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu ili maji yafike kote. Ni usafi wa hali ya juu. Lakini akitoka pale akavaa soksi na viatu vya ofisini huku nyayo zimelowa, amejiwekea bwawa kiatuni. Nimeona mzee mmoja msikitini mwetu anayekuja na kitambaa kidogo cha pamba kilichokunjwa mfukoni. Anamaliza udhu, anaketi ukingoni, anapitisha kitambaa kati ya kila kidole kwa utulivu wa mtu anayefuta vikombe vya kahawa, ndipo anavaa. Kitambaa cha namna hiyo, kinachofuliwa kila siku, kinamtosha msafiri, mwanafunzi, mwogeleaji na mama anayefua.

Pwani ilikuwa na dawa nyingine ya maji, nayo ilikuwa kiatu. Mtalawanda, kile kiatu cha mbao chenye msuruaki wa kubana kati ya kidole gumba na cha pili, kilikaa mlangoni mwa bafu kwenye nyumba nyingi za Unguja na Lamu. Unauinua wayo juu ya sakafu iliyolowa, hauubani, haunyonyi maji ukayahifadhi, na sauti yake huwaambia watu kuwa bafuni kuna mtu. Ndala za plastiki zimeuchukua ufalme wake na kazi zinaifanya vilevile, ilimradi kila mtu awe na zake. Hosteli, kambi, bafu la ukumbi wa mazoezi, bafu la pamoja la nyumba ya kupanga: humo usikanyage sakafu kwa unyayo mtupu. Chembe za ngozi zinazodondoka miguuni mwa mgonjwa hubeba kuvu aliye hai kwa miezi mingi.

Jeshi liliwahi kujifunza somo hili kwa gharama kubwa. Wakati wa vita vya Vietnam, askari wa miguu wa Marekani walikaa siku nyingi kwenye majaruba na matope ya delta ya mto Mekong, buti na soksi hazikauki. Magonjwa ya ngozi yakawa sababu kubwa ya askari kwenda kwa matabibu bila kulazwa, na kuna vikosi vilivyopungukiwa watu wa kuingia uwanjani kwa sababu ya miguu tu. Zilijaribiwa dawa na mafuta ya kila aina. Katika divisheni moja iliyokuwa deltani, amri iliyosaidia haikutoka duka la dawa: askari wasikae kwenye maji zaidi ya saa 48 mfululizo, kisha watolewe wakakae pakavu.

Ninaikumbuka amri hiyo kila nikimwona mlinzi wetu. Amepewa jozi moja ya buti. Anaivua saa 12 asubuhi, anaivaa tena saa 12 jioni. Saa 12 hazitoshi kukausha buti ya ngozi, hasa ikilazwa ndani ya chumba kimoja chenye dirisha dogo. Kiatu kilichonyonya jasho la siku nzima kinahitaji siku nzima nyingine, wakati wa masika hata mbili. Ushauri wote wa kitabibu kuhusu viatu unaishia kwenye jambo moja, kuwa na jozi mbili za kupokezana, na jambo hilo ni la mfukoni kabla ya kuwa la afya. Kwa maoni yangu kampuni inayomtaka mtu asimame kwa buti saa 12 inapaswa kumpa jozi mbili na soksi sita, kama inavyompa rungu na tochi. Walimu wakuu wa shule za bweni nao wangejiuliza kama viatu vya kufunga na soksi nzito vina lazima gani Tanga au Mtwara mwezi wa pili, wakati makubadhi ya heshima yapo.

Asiye na jozi ya pili anaweza kukipunguzia kiatu maji. Toa soli ya ndani uianike peke yake. Legeza kamba mpaka ulimi utoke nje. Kunja karatasi za gazeti, zisukume hadi kwenye pua ya kiatu, zibadilishe zikilowa. Kiweke juani mdomo ukitazama jua, si uvunguni. Wakati wa mapumziko ya chakula, vua, hata kwa robo saa.

Soksi zina ubishi wake. Tunaambiwa pamba, pamba, pamba. Ni kweli kwamba pamba hunyonya jasho vizuri kuliko nailoni, ila ikishanyonya hukaa nalo, na soksi ya pamba iliyoloa ni kitambaa cha maji kilichofungwa mguuni. Cha maana kuliko aina ni kubadilisha: beba jozi ya pili kwenye mfuko, badilisha saa 7 mchana. Ukiwa na fangasi, sabuni na maji baridi ya beseni haviwatoi wote. Wanakufa kwenye maji ya nyuzi 60 na kuendelea, yaani yale yanayounguza mkono, basi zimwagie maji ya moto, ziache zipoe humo, zifue, zianike kwenye jua kali. Halafu liko jambo wanaume wengi hawaambiwi na mtu. Fangasi wa kinenani mara nyingi wametoka mguuni, wamepanda na nguo ya ndani ilipopitishwa juu ya vidole. Vaa soksi kwanza, ndipo uvae chupi. Taulo la miguu nalo lisipande juu.

Viatu vya mitumba, vya masoko ya Karume, Gikomba au Owino, sina ugomvi navyo. Nusu ya raba nilizowahi kumiliki zilikuwa na mguu mwingine kabla ya wangu. Lakini mguu huo huachia chembe zake ndani. Soli ya ndani ya mtumba itupe, nunua mpya au ikate mwenyewe. Raba ifue yote kwa maji ya moto kadiri inavyostahimili, iweke juani siku tatu nne, na mara za kwanza usiivae bila soksi.

Sasa niseme juu ya fangasi asiyejitangaza. Kuna mtu hana muwasho, hana mpasuko kati ya vidole, ila nyayo zake ni kavu, zimefunikwa na unga mweupe kwenye mistari ya ngozi, na kisigino kimekuwa kigumu. Anasema ana magaga. Anapaka mafuta ya mgando miaka kumi. Baadhi yao wana magaga kweli, lakini wengine ni Trichophyton rubrum aliyeuvaa wayo mzima kama kiatu. Dalili moja inayowafichua ni ya ajabu: ukavu huo huo umetokea kwenye kiganja cha mkono mmoja, ule anaojikunia au kubandulia magamba. Miguu miwili na mkono mmoja. Mtu wa namna hiyo asihangaike na mafuta, aende akakwanguliwe ngozi kidogo iangaliwe kwa hadubini.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali kidogo, maana hapa ndipo tunapoharibu. Fangasi wa kati ya vidole hupona kwa dawa za kupaka za bei ndogo. Klotrimazoli hupakwa mara mbili kwa siku, na huendelezwa wiki moja hadi mbili baada ya ngozi kuonekana nzima. Terbinafini ya kupaka huponya kwa muda mfupi zaidi. Hata yale mafuta ya kale ya Whitfield, asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3, yaliyokuwamo kwa miaka mingi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, bado yanafaa, na mfamasia wa hospitali anaweza kuyachanganya. Yanachoma penye mpasuko, lakini ni rahisi na hayana hila. Paka zaidi ya pale panapoonekana, na paka miguu yote miwili. Wengi huacha siku ya nne kwa kuwa muwasho umekwisha, kisha mwezi ujao wanasema dawa ni feki.

Ubaya uko kwenye mirija ile ya "tatu kwa moja" inayouzwa bila maswali: ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya mrija mmoja. Steroidi hutuliza muwasho usiku uleule, ndiyo maana inapendwa. Inafanya hivyo kwa kuzima ulinzi wa ngozi, kuvu anapata uhuru, baka linapoteza sura yake mpaka daktari mwenyewe halitambui. Ni zao la familia ileile ya dawa wanayoipaka watu wanaojichubua. India imevuna matunda yake: kuvu aliyepewa jina la Trichophyton indotineae mwaka 2020, ambaye mara nyingi terbinafini haimwezi, amestawi kwenye nchi ambayo mirija hiyo hununuliwa kama sabuni, na ameshaonekana Ghuba na Ulaya. Kuhusu mafuta ya taa, kitunguu saumu kilichopondwa na maji ya betri, nimeona miguu iliyoungua kwa hayo, na kidonda kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko fangasi.

Kidonda ndicho kinachoubadilisha ugonjwa huu kutoka kero kuwa hatari. Mpasuko mdogo kati ya vidole hupitisha bakteria, na mtu huamka ana homa, mtoki umemvimba kwenye nyonga, mguu umewaka mpaka goti. Kwa mgonjwa wa kisukari ni zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyayo inaweza kuwa imekufa ganzi na mpasuko hauumi. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ameandika kwa miaka mingi kuhusu miguu ya wagonjwa hao, na vidonda vinavyoishia kwenye kukatwa mguu. Mwenye kisukari atazame katikati ya vidole kila jioni, na asiyeweza kuinama aombe mjukuu. Asijitibu kwa kubahatisha.

Nimebakiza kucha, ambazo ni hadithi ndefu kwa sababu zenyewe ni za polepole. Kuvu huingilia ncha au ubavuni, mara nyingi baada ya kucha kubanwa na kiatu au kugongwa na mpira. Rangi hugeuka njano au kahawia, ukucha unanenepa, chini yake hujaa unga. Lakini si kila ukucha mbaya ni wa fangasi. Karibu nusu ya kucha zilizoharibika zina sababu nyingine, kama pigo la zamani au pumu ya ngozi. Kumeza vidonge miezi mitatu bila kipimo ni kamari, na ini ndilo linalolipa dau. Tanzania haina madaktari wengi wa ngozi, lakini tangu mwaka 1992 kipo chuo cha magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichofundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika, na kipande cha ukucha chini ya hadubini ni kipimo rahisi.

Kinga ya kucha inaanzia kwenye ngozi: ukitibu kati ya vidole mapema, ukucha hauguswi. Kata kwa unyoofu, usichimbe pembeni kwa wembe. Kikata kucha kiwe chako. Wale vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha rangi za kucha na beseni, mteja baada ya mteja, wafanye kazi yao, ila nenda na vifaa vyako na usiwaache wasukume ngozi ya shina la ukucha. Rangi na hina nazo zina kawaida ya kuficha, kwa hiyo kabla ya kupaka upya, zikiisha, kaa siku mbili tatu na ukucha mtupu uutazame mwangani. Mama lishe, muuza samaki na dobi wana lao, wekundu na uvimbe kwenye shina la kucha za mikono kwa sababu mikono haikauki, na mara nyingi mhusika pale ni kuvu mwingine, Kandida.

Ukucha wangu wa bwenini niliutibu nikiwa na miaka zaidi ya 30, baada ya kipimo. Vidonge vya terbinafini kila siku kwa wiki 12, damu ikapimwa kwanza. Siku ya mwisho ya dozi ukucha ulikuwa mbaya vilevile, nikataka kurudi kugomba. Tabibu akachukua tupa ndogo, akakwaruza mstari mwembamba kwenye mpaka wa pinki na njano, akasema, "Uangalie huu mstari, usiuangalie ukucha." Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi. Mstari ule ulianza safari mwezi wa Januari, wakati wa joto la kaskazi. Masika yakaja yakaenda, kipupwe kikaingia. Mfungo ulipofika, mstari ulikuwa katikati ya ukucha. Niliukata, na kipande cha mwisho cha njano nyuma yake, mwaka uliofuata, joto lilipokuwa limerudi, nimekaa kwenye benchi la getini na buti za mzee zimeanikwa kando yangu, magazeti yamechomoza midomoni mwake.